Taita wa Watu Wote

Asubuhi za nyumba ya Yocasta zilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri. Kahawa ilichemka kabla jua halijalipita bomba la moshi la kiwanda cha sukari. Ndizi mbichi zilichemshwa, zikapondwa kwa siagi, vitunguu vikakaangwa, na harufu ikatoka mpaka barabarani. Nyuma ya nyumba, mumewe Nicanor Hodge na mtoto wao Elvin walikuwa wakirushiana mpira. Pa! kwenye glavu, kimya kidogo, halafu pa! tena. Yocasta alijua bila kuchungulia ni nani katupa. Mpira wa baba ulitua mzito. Wa mtoto ulitua kwa mlio mkali, kama kofi.

Kabla ya mpira wa kwanza Elvin alikuwa akisema, "Baraka, baba." Naye Nicanor akijibu, "Mungu akubariki, mwanangu." Ndipo walipoanza.

Hapa Consuelo, mji wetu wa miwa jirani na San Pedro, hakuna asiyelijua jambo hili, lakini acheni nilitaje, maana siku hizi hata yanayojulikana yanasahauliwa. Mtoto hatoki mlangoni, haingii, halali wala haamki bila kuomba baraka kwa mama, kwa baba, kwa bibi, kwa baba wa ubatizo. Na anayeombwa hana ruhusa ya kunyamaza. Awe amekasirika, awe na tonge mdomoni, awe kitandani anakata roho, atajibu. Kumnyima mtoto jibu ni kumfukuza nyumbani huku amesimama sebuleni. Lishikeni neno hilo, kwa kuwa kisa chote kimening'inia hapo.

Nicanor alikuwa mrushaji wa besiboli. Sitamnyima haki yake. Alitoka kwenye viwanja vyetu vya vumbi akaenda kutupa kwa mkono wake wa kushoto katika ligi kuu ya kaskazini, ng'ambo ya bahari, akatupa misimu michache, bega likachoka, akarudi. Alijenga nyumba ya saruji yenye baraza pana. Alicheza domino Jumamosi, akapata kitambi, na watu wakamvulia kofia sokoni na mambo yakaishia hapo. Angebaki hivyo, siku yake ikifika tungemzika kwa heshima.

Akaja mtangazaji mmoja wa michezo kumhoji kando ya uwanja. Katikati ya swali, kijana akapita kwa pikipiki akapiga kelele, "Baraka, Taita!" Taita ndivyo wazee wetu walivyomwita baba. Nicanor akamwacha mtangazaji na swali lake, akavua kofia, akamjibu yule kijana, "Mungu akubariki, mwanangu, na akili akuongezee, uvae helmeti!"

Basi. Ni hilo tu alilofanya. Klipu ikasambaa, na wenzetu walioko New York na Madrid, wanaosukuma mizigo ya watu na kuwaogesha wazee wa watu, wakaitazama wakalia. Hao nawaelewa. Mtu aliye baridini, asiye na wa kumjibu baraka, akisikia sauti ya kwao atalia. Ila Nicanor hakulia. Nicanor alitazama namba ya waliomtazama, akaitazama tena, akamwita mkewe aje aitazame.

"Yocasta! Njoo uone! Mji mzima wa San Pedro hauna watu wengi hivi!"

"Nimeona. Ndizi zinapoa."

"Zipoe! Mke wangu, watu wananipenda!"

"Hata sisi tunakupenda," alisema Yocasta, "tena tuko hapahapa."

Hakusikia. Siku chache baadaye barazani palisimama stendi ya simu na taa ya duara nyeupe kama uso wa mgonjwa. Nicanor alivaa jezi yake ya zamani, ambayo kitambi kiliikataa, akaketi kwenye kiti cha kubembea, akaingia laivu. Watu wakaandika kutoka kila pembe ya dunia, "Baraka, Taita!" naye akawajibu mmoja mmoja kwa jina, akiinua kofia: Mungu akubariki, na akili akuongezee. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, akawa anabariki picha za paka na magari. Kwa maana wengi wao hawakuwa hata na sura zao pale. Anabariki paka!

Baraka peke yake zikaanza kuwachosha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tembo la Nicanor likageuka kuwa matusi. Aligundua kwamba akimkejeli anayeomba ushauri, mioyo inapanda kwenye kioo kama mchwa baada ya mvua. Basi watu wakaleta shida zao makusudi wakejeliwe. Mmoja alisema mkewe kamkimbia. "Amekuwa na akili kabla yako," alijibu Taita. Mwingine alisema mgongo unamuuma kazini. "Uza mgongo, ununue aibu!" Wakacheka, wakaomba zaidi. Nanyi mliokuwa mkituma mioyo mkiwa mmelala chali, mnajijua.

Nyuma ya nyumba, mlio wa glavu ulikoma. Palisikika mpira unaogonga ukuta na kurudi, kugonga na kurudi, kwa mtoto aliyecheza peke yake.

Elvin alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mashoto kama baba yake, mkimya kupita kiasi. Umri huo kwetu ni mlango. Watu wa akademia za timu za kaskazini humtazama kijana akitupa, wakamchukua au wakamwacha, na akishakuwa na miaka kumi na tisa wanamwona mzee. Kila kitu alichotamani duniani kilikuwa kwenye mkono ule wa kushoto. Kila asubuhi alipita barazani na mfuko wake akisema, "Baraka, baba." Na kila asubuhi baba aliinua kidole kimoja bila kugeuka, maana yake subiri, niko na watu. Elvin alisubiri. Kisha basi la mazoezi lilipiga honi, akaondoka.

Yocasta alikiona kidole kile kila siku akiwa jikoni. Alikichukia kuliko nilivyoona mtu akichukia nyoka.

Alasiri moja alikuwa akikunja nguo chumbani. Mumewe barazani alikuwa akibariki kwa sauti ya mnada. "Doña Mirtha wa Bronx, Mungu akubariki! Paka Mweusi, Mungu akubariki! Mashoto Mdogo anasema, baraka, Taita. Mungu akubariki, Mashoto Mdogo, mwanangu, na akili akuongezee!"

Kutoka chumba cha pili, kupitia ukuta, Yocasta akasikia sauti ndogo ikisema, "Amina, baba."

Alisukuma mlango. Elvin alikuwa kitandani, simu kifuani, macho yamemtoka kama mwizi wa sukari.

"Elvin. Mashoto Mdogo ni wewe?"

"Mama, usimwambie."

"Baba yako yuko hapo nje, hatua chache tu!"

"Nikienda pale ananiinulia kidole," alisema kijana. "Nikiandika, ananijibu. Tena ananiita mwanangu. Mama, tafadhali usimwambie. Akijua atanisema mbele yao, na nikitaniwa pale nitatembeaje uwanjani?"

Yocasta alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alitaka kucheka, akalia. Mtoto anaomba baraka kwa baba yake mzazi kwa jina la bandia, kupitia hewani, mpaka ipande juu ya bahari na kurudi kuvuka ukuta mmoja wa matofali! Alimwahidi kunyamaza. Alifikiri ni jambo la huzuni tu, halina madhara.

Ijumaa ya wiki ile Moncho alifika mlango wa jikoni, kofia mkononi. Moncho ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana uwanjani, na ndiye baba wa ubatizo wa Elvin, mtu mnene, mpole, asiyependa ugomvi na wakubwa.

"Mzazi mwenzangu," alimwambia Yocasta, "watu wa akademia wanakuja kesho Jumamosi kumtazama kijana. Na mimi sitaki atupe."

"Kwa nini?"

"Kiwiko. Anasema hakiumi, lakini namwona anavyoushika mkono akidhani sitazami. Hawa watu watarudi, hawaishi. Mkono ukishaenda haurudi. Nimemwambia apumzike, lakini mimi ni baba wa ubatizo tu. Kijana ana pupa. Neno la kumzuia ni la baba yake."

"Nitamwambia baba yake."

"Leo, mzazi mwenzangu."

"Leo leo."

Akaenda barazani moja kwa moja, akasimama mbele ya taa. Nicanor akawaambia watu wake, "Mnamwona? Huyu ndiye waziri wa mambo ya ndani! Msalimieni!" Kioo kikajaa vicheko.

"Nicanor, zima hiyo simu. Ni habari ya Elvin."

"Baadaye, mke wangu. Leo wako wengi."

"Kiwiko cha mtoto kinamuuma."

Akaiziba simu kwa kiganja, akanong'ona kwa hasira, "Unaniaibisha. Elvin ana nguvu za ng'ombe, ni damu yangu. Tutaongea." Kisha akaondoa kiganja, akacheka, akamwinulia kidole mkewe vilevile kama alivyomwinulia mtoto.

Yocasta akarudi ndani. Alimkuta Elvin akiupaka mkono dawa. "Jumamosi hutupi," alimwambia. "Umenisikia? Mimi nimekataa, na Moncho amekataa. Hutupi mpaka baba yako mwenyewe aseme neno."

"Baba akisema nitupe, nitupe?"

"Akisema yeye, atakuwa angalau amekusikiliza. Nenda kamwambie kila kitu, mdomo kwa sikio."

Elvin alikwenda. Yocasta alimwona akisimama kando ya kiti cha kubembea, amekunja mkono kifuani. Akaona kidole kikiinuka. Kijana alisimama pale mpaka ikawa aibu kumtazama, halafu akarudi chumbani kwake akafunga mlango. Barazani laivu iliendelea jioni nzima. Alipotoka kula alikuwa amechangamka, akala sahani mbili, akambusu mama yake utosini. Yocasta akadhani ametulia kwa kuwa amekubali kupumzika.

Jumamosi asubuhi kijana alitoka mapema. "Baraka, mama." "Mungu akubariki, mwanangu. Unakwenda kutazama tu?" Akajibu, "Yote yako sawa, mama," akatokomea. Nicanor alikuwa ameshatangulia uwanjani na stendi yake, amepaka mafuta kichwani, kwa sababu watu wengi walitarajiwa na alitaka wamwone.

Yocasta akashuka kununua mikate ya kukaanga kwa Bi Fefa, jirani anayekaanga chini ya turubai kwenye kona. Bi Fefa alikuwa akigeuza mikate kwa mkono mmoja na kushika simu kwa mwingine, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Yocasta, mwanamke wewe! Mumeo jana kaniua! Hebu sikiliza, sikiliza hii!"

"Nimeshamsikia vya kutosha, Bi Fefa. Nipe minne."

"Hapana, hii lazima! Ya mafuta ya kuku!"

Akaibonyeza. Sauti ya Nicanor ikatoka, ile ya mnada. "Mashoto Mdogo anauliza. Msikilizeni, jamani, msikilizeni huyu. Taita, kiwiko kinaniuma kwa ndani kama sindano, na nikitupa, kidole kidogo na jirani yake vinakufa ganzi. Kesho watu wa akademia wananitazama. Mama amekataa. Wewe unasema nitupe?" Kikafuata kicheko. "Mama amekataa! Haya, mwende mkalale, wewe na mama! Kiwiko kinauma? Mpelekee bibi yako akupake mafuta ya kuku! Hiki ndicho kizazi cha maziwa ya unga. Mimi nilitupa na mkono umevimba, hamkunisikia nikilia kwa mama. Tupa, Mashoto! Tupa mpaka ulie! Ukishindwa, nenda kajifunze kusuka nywele! Mungu akubariki, na akili akuongezee!"

Bi Fefa alikuwa ameinama kwa kucheka. "Kusuka nywele! Yocasta? Yocasta, mikate yako!"

Yocasta alikuwa ameshasimamisha bodaboda. Alikaa nyuma bila kusema bei, bila viatu vya kutokea, hela ya mikate ingali mkononi, akimpiga mwendeshaji mgongoni, "Uwanjani! Kimbiza, baba, kimbiza!"

Alipofika langoni aliona yote kwa mara moja, kama mtu anayetazama picha ukutani. Watu wa akademia walikuwa wamesimama nyuma ya wavu na kipima kasi chao. Moncho alikuwa kando, amejikunyata. Mwanawe alikuwa juu ya kilima cha kurushia. Na mbele ya jukwaa, mgongo wake ukiwa uwanjani na uso wake kwenye simu, alikuwa Nicanor katika jezi inayombana, ameipanga kamera ili kilima kionekane nyuma ya bega lake, kama pambo.

Elvin alivua kofia. Aligeukia jukwaa akasema kwa sauti iliyofika mpaka langoni, "Baraka, baba!"

Nicanor, ambaye wakati huo alikuwa akimbariki mtu aliyejiita Simba wa Jersey, aliinua kidole.

"Elvin! Acha! Usitupe!" alipiga kelele Yocasta. Lakini sauti yake ilimezwa na watu waliokuwa wakishangilia ile baraka ya Simba wa Jersey.

Kijana akavaa kofia, akainua mguu, akatupa. Kipima kasi kilionyesha namba nzuri, nzuri kuliko zote za maisha yake, hilo alilisema Moncho baadaye na hakuna aliyetaka kulisikia. Mpira ulikwenda. Mkono haukurudi vizuri. Elvin alipiga magoti juu ya kilima, akaukumbatia mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyekufa, na hakulia.

Simu ya Nicanor ilijaa maneno. Angalia nyuma, Taita. Taita, geuka. Geuka, mtoto kaanguka. Yeye akacheka. "Mnataka nigeuke mnitanie! Mimi si mtoto wa jana!" Watu walioko upande wa pili wa bahari walimwona mwanawe akianguka kabla yeye hajamwona, na yeye akawa wa mwisho duniani kujua.

Kwenye hospitali, daktari alimwambia Yocasta ukweli bila kuuzungusha. Kano ya kiwiko ilikuwa imekatika, na mshipa wa fahamu ulikuwa umeumia vibaya kwa muda mrefu. Wangempasua. "Atabeba ndoo, mama. Ataendesha pikipiki, atabeba watoto wake. Lakini kutupa kwa kazi, sikudanganyi."

Nicanor alikuwa akitembea huku na huku kwenye korido, jezi imelowa jasho, akitafuta mtu wa kulaumu. Wenye makosa hawachelewi katika kazi hiyo.

"Nani alimwambia atupe? Moncho! Ni wewe?"

"Mimi nilimkataza," alisema Moncho. "Asubuhi akaniambia, baba wa ubatizo, baba amesema nitupe. Sasa wewe ndiye baba, tena ndiye Taita. Mimi nani nikupinge?"

"Hajaniuliza mimi! Basi amekudanganya! Nani mpumbavu aliyemwambia mtoto atupe na kiwiko kibovu? Nionyesheni, nimvunje shingo!"

Yocasta alitoa simu yake. Bi Fefa alikuwa amemtumia ile klipu, na vicheko vingi chini yake. Akaibonyeza, akaishikilia mbele ya uso wa mumewe. Sauti ya mnada ikajaa korido. Muuguzi aliyekuwa akipita na sinia ya dawa alisimama akatabasamu.

"Aa, Taita! Hii ya mafuta ya kuku! Jana tulicheka huku wodini mpaka basi!"

Nicanor hakumtazama. "Huyu ni mtu wa mtandaoni tu," alisema taratibu. "Mashoto Mdogo. Huwa anaandika kila siku. Simjui."

"Huwa anaandika kila siku," alisema Yocasta. "Anaandika akiwa chumba cha pili. Mashoto wadogo wangapi unawajua hapa Consuelo, Nicanor? Wangapi wana watu wa akademia siku hiyohiyo? Alikuja kwako kwa miguu ukamwinulia kidole. Akaja kwa simu ukamjibu. Nilimwambia asitupe mpaka baba yake aseme neno. Ukasema."

Nicanor alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti. Hapo alilia, na kilio kile kilikuwa cha kweli. Ningependa kumaliza kisa hapa na kumsamehe.

Siwezi, kwa sababu bandeji ya mtoto ilikuwa bado mpya Nicanor alipoiwasha tena taa ya duara. Alisema watu wana haki ya kujua. Haki! Akalia barazani kama alivyolia hospitali, ila safari hii alijua upande upi wa uso unapendeza. Namba zikapanda kuliko ile siku ya helmeti. Wafuasi walikuwa wameshaichukua ile picha ya kilima nyuma ya bega lake, wamepunguza mwendo, wameiwekea muziki. Sasa wakaandika, mlete mtoto tumwone, tumwombee.

Akainuka. Niaminini, aliinuka. Akatoa simu kwenye stendi, akatembea nayo ndani ya nyumba mpaka kwenye mlango wa Elvin, akagonga kwa upole. "Mwanangu, kuna watu wanataka kukuombea."

Mlango haukufunguka. Yocasta alitoka jikoni na mchi wa kupondea ndizi, akasimama kati ya mume na mlango.

"Sogea tena uone," alisema.

"Yocasta, wananisikia."

"Nataka wasikie. Ninyi mnaotazama, mlikuja kuomba baraka, mkabaki kula mtoto wa watu. Nendeni mkaombe kwa mama zenu. Na wewe Nicanor, ukigonga mlango huu na hicho kitu mkononi, nitasahau kuwa wewe ni mume wangu."

Nicanor akarudi barazani, akamaliza matangazo yake kwa sauti ya kuonewa. Lakini wafuasi walikuwa wameshampata wa kumchukia, naye ni Taita wao mwenyewe, na kumchukia kuna utamu wake. Walimtukana kwa wiki mbili tatu kwa maneno yaleyale aliyowafundisha. Mpelekee bibi yako akupake mafuta ya kuku. Kajifunze kusuka nywele, Taita. Kisha wakachoka hata kumtukana, wakahamia kwa mwanamke mmoja wa Higüey anayegombana na kasuku wake. Wako huko mpaka leo. Kilemba cha ukoka hukauka, na aliyekivaa ndiye wa mwisho kujua.

Leo stendi ile inaanikiwa vitambaa vya jikoni. Elvin anamsaidia Moncho uwanjani kuwafundisha wadogo. Glavu ya mashoto huvaliwa mkono wa kulia, kwa hiyo kudaka anadaka. Kutupa hatupi. Akiulizwa na watoto aonyeshe, anamwita mwenzake aonyeshe.

Asubuhi moja alikuwa akitoka na mfuko wake. Yocasta alikuwa akiponda ndizi. "Baraka, mama." "Mungu akubariki, mwanangu." Akapita barazani. Nicanor alikuwa kwenye kiti cha kubembea, mikono mitupu magotini. Elvin alikuwa akimsalimu kila siku kwa adabu, habari za asubuhi, kama jirani anavyomsalimu jirani, na siku ile alimsalimu hivyohivyo akashuka ngazi.

Nicanor alisimama. Alivua kofia yake, kama siku ile ya kijana wa pikipiki. "Mungu akubariki, mwanangu," alisema.

Elvin alisimama langoni. Hakuwa na hasira. Yocasta alimsikia vizuri kutoka jikoni, na anasema angependa zaidi kama mtoto angepiga kelele.

"Sijaomba, baba," alisema, akafunga geti taratibu.

FUNZO

Enyi majirani, sikuwasimulia haya ili mmcheke Nicanor. Kumcheka mmeshamcheka, tena bila gharama. Funzo la kisa hiki ni kwamba sifa za wasiokujua hazina uzito. Huja bila sababu, huondoka bila kuaga, na njiani huwa zimekula kile ulichokuwa nacho. Mzazi anayemjibu kila mtu isipokuwa aliye nyumbani kwake si mzazi wa watu wote. Si mzazi wa mtu yeyote. Na maneno unayomtupia mgeni kwa mzaha, jihadhari nayo, kwa maana hujui ni nani anayesikiliza upande wa pili wa ukuta, akiyaamini.

Basi siku simu ikiwa mkononi na mtoto akiwa mlangoni anakuomba baraka, mjibu wa mlangoni kwanza. Wa kwenye simu ana kwao.